Pedi za breki: kilomita hazitoshi, pima iliyo nyembamba zaidi

Swali la msomaji: Gari langu ni saluni ya gia otomatiki. Pedi za breki za mbele ziliwekwa mpya, zenye unene wa milimita 11, na tangu hapo nimeshatembea kilomita 42,000. Siku hizi ninaposafiri polepole ninasikia mlio mwembamba kutoka gurudumu la mbele la kulia, na nikikanyaga breki mlio huo unakatika. Fundi alichungulia kupitia matundu ya rimu akasema pedi bado ina milimita 5. Rafiki yangu naye anasema pedi hubadilishwa gari likitimiza kilomita 50,000. Je, nisubiri? Na ikiwa tatizo ni la upande mmoja tu, ninaweza kubadilisha upande huo peke yake?

Jibu: Ndugu msomaji, usisubiri. Mlio mwembamba unaosikika gari likienda na kukatika ukikanyaga breki ni dalili ya kawaida ya pedi iliyofika mwisho wake, na kwa jinsi ulivyoeleza, ninashuku kwamba iliyofika mwisho ni pedi ya ndani ya gurudumu la kulia, ambayo fundi wako hakuweza kuiona. Milimita 5 alizozitaja huenda ni sahihi kabisa, lakini ni za pedi ya nje. Kila gurudumu lenye breki ya diski lina pedi mbili zinazoibana diski kutoka pande zake mbili, na anayechungulia kupitia rimu kwa kawaida huiona moja tu. Kwa hiyo magurudumu yote mawili ya mbele yafunguliwe, pedi zote nne zipimwe, na uamuzi ufuate ile iliyo nyembamba kuliko zote. Jambo hilo lifanyike kabla ya safari yoyote ndefu.

Ili uone kwa nini ninasisitiza kipimo na si hesabu ya kilomita, ni vyema kuanza na kazi yenyewe ya pedi. Gari linalokwenda lina nishati ya mwendo, na breki huligeuza gari hilo kuwa tulivu kwa kuigeuza nishati hiyo kuwa joto. Gari la kilo 1,500 linalokwenda kilomita 100 kwa saa lina nishati ya takriban kilojuli 580, kiasi ambacho kingeweza kuchemsha lita moja na nusu ya maji yaliyokuwa na ubaridi wa kawaida. Likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa nishati hiyo ni takriban kilojuli 145 tu, yaani robo, kwa sababu nishati hukua kwa mraba wa mwendo. Joto hilo lote huzaliwa pale pedi inapogusana na diski, na kwa kuwa gari linalofunga breki huegemea mbele, sehemu kubwa ya kazi hiyo huangukia magurudumu ya mbele. Ndiyo sababu katika magari mengi pedi za mbele huisha kabla ya zile za nyuma. Kuna magari ya miaka ya karibuni ambayo mfumo wake wa kielektroniki huzipa breki za nyuma kazi zaidi, na humo za nyuma zinaweza kutangulia kwisha, hivyo hata kanuni hii ya mbele na nyuma haimwondolei mtu wajibu wa kupima.

Pedi yenyewe ni bamba la chuma lililogandishwa tabaka la msuguano. Tabaka hilo ni mchanganyiko wa nyuzi, unga wa madini au wa metali, vilainishi kama grafaiti, na resini inayovishikanisha vyote. Breki inapofanya kazi, chembe ndogo za tabaka hilo hukwanguka na kuwa vumbi jeusi unaloliona kwenye rimu, na nyingine hujipaka juu ya diski na kufanya utando mwembamba sana unaosaidia breki kushika kwa ulaini. Katika joto la wastani ulikaji huu huenda taratibu. Joto likipanda mno, resini huanza kuungua, tabaka hupoteza kinachoshikilia chembe zake, na pedi hulika kwa kasi kubwa zaidi. Wakati huohuo nguvu ya kushika hupungua, na dereva hujikuta anakanyaga kwa nguvu zaidi huku gari likipunguza mwendo kidogo tu.

Kutokana na hayo utaona kwamba kilomita 50,000 za dereva mmoja hazifanani na kilomita 50,000 za mwingine. Anayesafiri njia ndefu iliyonyooka anaweza kukaa dakika nyingi bila kugusa breki, ilhali anayezunguka kwenye msongamano hukanyaga kila baada ya mita chache. Uzito wa mizigo huongeza kazi, na mwendo huongeza kazi hata zaidi. Mteremko mrefu una hesabu yake ya pekee: gari hilohilo la kilo 1,500 likishuka kimo cha mita 500 hupoteza nishati ya takriban megajuli 7.4, ambayo ni sawa na kulisimamisha kutoka kilomita 100 kwa saa karibu mara 13 mfululizo. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upinzani wa hewa na wa matairi, na sehemu nyingine ingeweza kuchukuliwa na injini endapo dereva angeweka gia ya chini, lakini wengi huliacha gari kwenye D na kuegemeza mguu kwenye breki mwanzo hadi mwisho wa mteremko. Wewe unayeendesha gari la otomatiki nakusihi uzoee kuteremka kwa gia ya chini, iwe imeandikwa L, 2, au nafasi ya kuchagua gia kwa mkono. Hatua hiyo peke yake huongeza sana maisha ya pedi, tena huyalinda mafuta ya breki yasichemke.

Simaanishi kwamba kilomita hazina faida yoyote. Zinakuambia lini uangalie. Pedi nyingi za mbele huisha mahali fulani kati ya kilomita 30,000 na 70,000, na upana huo wenyewe unaonyesha kwa nini haifai kuchagua namba moja na kuifanya sheria. Ukiwa na vipimo, kilomita huweza kukupa makadirio mazuri ya gari lako mwenyewe. Tuchukue pedi yako ya nje: imetoka milimita 11 hadi 5, kwa hiyo imelika milimita 6 katika kilomita 42,000, sawa na milimita moja kwa kila kilomita 7,000. Kwa hesabu hiyo ingefika milimita 3 baada ya kilomita 14,000 nyingine, na rafiki yako angeonekana hata amekuwa mwangalifu kupita kiasi. Lakini ikiwa pedi ya ndani imebaki na milimita 2.5, basi yenyewe imekuwa ikilika milimita moja kwa chini kidogo ya kilomita 5,000, na tayari imepita kikomo. Gari ni lile lile, dereva ni yule yule na kilomita ni zile zile, ila pedi mbili za gurudumu moja zimetoa majibu mawili yanayopingana. Hapo ndipo kiini cha swali lako kilipo, na ningependa tukae hapo kidogo.

Magari mengi ya abiria hutumia kalipa ya kuteleza, yaani kalipa (kifaa kinachoshika pedi na kuzibana kwenye diski) yenye pistoni upande wa ndani tu. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki huisukuma pistoni, pistoni huisukuma pedi ya ndani hadi ikagusa diski, kisha mwili mzima wa kalipa huteleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje ibane upande wa pili. Ukiachia, mpira wa mraba unaoizunguka pistoni, ambao ulipinda kidogo wakati wa kukanyaga, hujinyoosha na kuirudisha pistoni kiasi kidogo sana. Hakuna springi kubwa inayozirudisha pedi nyuma. Mpango mzima unategemea kwamba pini zinateleza kwa urahisi, pistoni inaingia na kutoka bila kushikwa, na pedi zenyewe zinasogea kwa uhuru kwenye vikalio vyake.

Pini zikikauka grisi au zikishika kutu, kwa kawaida kwa sababu mipira yake ya kuzuia vumbi imepasuka, kalipa haitelezi tena ipasavyo. Pistoni huendelea kuisukuma pedi ya ndani, lakini ya nje haivutwi kwa nguvu inayostahili. Matokeo yake ni pedi ya ndani iliyokwisha na ya nje iliyonona, yaani picha ileile ninayoishuku kwenye gari lako. Pistoni nayo ikikwama kwa kutu, pedi ya ndani hubaki imeegemea diski hata mguu ukiwa umetoka kwenye pedali, na dalili huwa rimu yenye joto lisilo la kawaida baada ya safari, harufu ya kuungua, na gari linaloonekana zito. Tofauti ndogo kati ya pedi ya ndani na ya nje ni jambo la kawaida, kwa kuwa ya ndani hutangulia kugusa na mara nyingi hupata hewa kidogo ya kuipoza. Ila tofauti ikizidi milimita 2 hivi, mimi siioni tena kuwa ulikaji wa kawaida. Ninaiona kuwa hitilafu ya kalipa ambayo imejiandika kwenye pedi.

Kuna maumbo mengine yanayofaa kusomwa kabla ya pedi za zamani kutupwa. Pedi iliyolika kwa mshazari, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, hueleza kwamba pini moja imeshikwa au imelegea mno, au kwamba pedi imekwama kwenye vikalio vilivyojaa kutu. Pedi zote mbili za gurudumu moja zikiwa nyembamba sana kuliko zile za upande wa pili wa gari, chanzo kinaweza kuwa pistoni iliyokwama upande huo, au mpira wa breki uliofumuka kwa ndani ukapitisha mafuta kuingia lakini ukayazuia kurudi. Uso wa pedi unaong'aa kama kioo huonyesha kwamba ulipata joto kupita uwezo wake. Nyufa nyingi, vipande vilivyobanduka, au tabaka linaloachana na bamba lake la chuma ni sababu ya kuibadilisha pedi hata kama unene wake ungali mkubwa, na vivyo hivyo pedi iliyolowa mafuta ya breki au grisi, kwa kuwa tabaka lake hunyonya na halisafishiki. Kwa hiyo mwombe fundi akuwekee pedi nne za zamani kwa mpangilio, ya ndani na ya nje, kushoto na kulia, uzitazame kwa macho yako. Fundi anayejua kazi yake hatachukizwa na ombi hilo.

Sasa turudi kwenye ule mlio. Pedi nyingi huwa na kibati kidogo cha chuma kilichopinda, kilichofungwa kwenye bamba, na katika magari mengi huwekwa kwenye pedi ya ndani. Tabaka likibaki na takriban milimita 2 hadi 3, ncha ya kibati hicho huanza kuigusa diski na kutoa mlio mkali. Katika baadhi ya magari mlio husikika gari linapotembea na hukatika au hubadilika sauti breki inapokanyagwa, kwa sababu shinikizo hukituliza kibati kisitetemeke. Katika mengine husikika wakati wa kukanyaga tu. Magari mengine hutumia waya uliopachikwa ndani ya tabaka. Diski ikiufikia waya na kuukata, taa huwaka kwenye dashibodi. Mfumo huo ni mzuri, lakini mara nyingi waya huwekwa kwenye pedi moja tu ya mbele na pengine moja ya nyuma, kwa hiyo taa iliyozimika haithibitishi kwamba pedi nyingine zote ni nzima. Zipo pia pedi zisizo na kibati wala waya, na hizo huisha kimya kimya hadi chuma kinapogusana na chuma. Mkwaruzo mzito unaosikika kama jiwe linalosagwa ndiyo sauti ya hatua hiyo, na hapo gari lisiendeshwe tena hadi litengenezwe.

Watu wengi hutarajia kwamba pedi zikiisha pedali itazama chini. Kwa breki za diski haiwi hivyo, kwa kuwa pistoni husogea mbele kidogo kidogo kufidia unene uliopotea, na pedali hubaki pale pale ilipokuwa. Kinachoshuka ni mafuta ya breki kwenye chupa yake, maana nafasi iliyo nyuma ya pistoni imeongezeka. Hivyo ukiyaona mafuta yamekaribia alama ya chini, kagua kwanza kama yanavuja, kisha pima pedi. Usiyaongeze tu na kuendelea. Aliyeongeza mafuta hadi juu pedi zikiwa zimeisha atayaona yakifurika siku pistoni zitakaporudishwa ndani kupisha pedi mpya, na mafuta hayo hubabua rangi ya gari. Pedali inayobonyea kama sponji ni habari tofauti: huashiria hewa kwenye mfumo au mafuta yaliyonyonya maji. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini kipimo chake yakiwa yameshanyonya unyevu ni nyuzi 155 tu. Ndiyo maana watengenezaji wengi huagiza yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, na siku ya kubadilisha pedi ni nafasi nzuri ya kuulizia umri wake.

Kuhusu kikomo, kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho, na baadhi ya watengenezaji huruhusu pedi ifike milimita 2 au hata chini ya hapo. Mimi hushauri milimita 3, nikihesabu tabaka la msuguano peke yake bila bamba la chuma. Wengi hukosea hapa kwa kupima pedi nzima pamoja na bamba, ambalo lenyewe huweza kuwa na milimita 5 au zaidi, kisha wakajiona wana akiba kubwa. Sababu ya kutofika mwisho kabisa ni ya joto. Tabaka nene huzuia joto la diski lisifike haraka kwenye pistoni na mafuta yaliyo nyuma yake. Likiwa jembamba ulinzi huo hupungua, pedi yenyewe hupata moto upesi, na milimita za mwisho huisha haraka kuliko hesabu ya wastani inavyotabiri. Tena pedi hailiki sawasawa kila mahali, na pale ulipopima milimita 2 huenda pembeni pana milimita 1.

Swali lako la pili lina jibu fupi: haifai kubadilisha upande mmoja. Pedi mpya na za zamani hazishiki kwa nguvu sawa, na gari linaweza kuvuta upande mmoja hasa ukifunga breki ghafla au kwenye barabara yenye maji. Badilisha pedi zote nne za mbele kwa pamoja. Za nyuma zisiguswe ikiwa vipimo vyake ni vizuri. Lakini elewa kwamba kubadilisha pedi bila kutibu kilichoifanya ya ndani ilike haraka ni kuliahirisha tatizo: pini za kulia zifunguliwe, zisafishwe, zipakwe grisi maalumu ya breki isiyoharibu mpira, na mipira yake iliyopasuka ibadilishwe. Pini iliyokwisha kuliwa na kutu haifai kurudishwa. Pistoni isiporudi ndani kwa shinikizo la wastani, kalipa ifumuliwe na kuwekwa mipira mipya, au ibadilishwe.

Diski nazo zipimwe siku hiyohiyo kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene, sehemu kadhaa kuzunguka uso wake. Kwa kawaida unene wa chini unaoruhusiwa huwa umepigwa chapa kwenye diski yenyewe, ukitanguliwa na herufi MIN TH. Diski iliyofika hapo haipaswi kuchongwa wala kuwekewa pedi mpya; ibadilishwe, na zibadilishwe mbili pamoja. Ukiwa umekuwa ukihisi usukani unatetemeka unapofunga breki, wengi watakuambia diski imepinda. Mara nyingi zaidi tatizo ni kwamba unene wake hauko sawa kuzunguka duara, ama kwa sababu pedi iliacha mabaka ya tabaka lake mahali fulani, ama kwa sababu diski ilifungwa juu ya kutu ya kitovu cha gurudumu ikakaa kwa mshazari mdogo sana. Ndiyo maana kitovu kisuguliwe hadi chuma safi kionekane kabla ya diski kurudishwa.

Katika kuchagua pedi, aina za kawaida ni tatu. Pedi za mchanganyiko wa kiogani ni tulivu na laini kwa diski, lakini uvumilivu wake wa joto ni mdogo kuliko wa wenzake. Zenye metali nyingi huvumilia joto na mizigo, ila hupiga kelele zaidi na huila diski upesi. Za seramiki hutoa vumbi kidogo, hunyamaza, na kwa kawaida hudumu, japo bei yake huwa juu. Kwa saluni inayobeba familia, ningechagua zinazolingana na zile ilizotoka nazo kiwandani. Ukingoni au mgongoni mwa pedi nyingi utakuta herufi mbili, kwa mfano FF au GG: ya kwanza inaeleza nguvu ya msuguano katika joto la kawaida na ya pili katika joto kali, ambapo F ni kati ya 0.35 na 0.45 na G ni kati ya 0.45 na 0.55. Herufi hizo hazielezi pedi itadumu muda gani, na mwuzaji anayekuambia kwamba GG maana yake ni ubora wa juu hajaeleza ukweli wote. Alama ya E ndani ya duara pamoja na namba inayoanza na 90R huonyesha kwamba pedi imeidhinishwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa ya pedi mbadala. Pedi isiyo na alama yoyote, isiyo na jina la mtengenezaji wala namba ya toleo, mimi singeiweka kwenye gari la mtu yeyote, hata ikipatikana kwa bei ya chini namna gani.

Wakati wa kufunga kuna mambo machache ninayokuomba uyaangalie ukiwa hapo gereji. Gari lisimame juu ya stendi imara, lisitegemee jeki pekee. Kalipa isiachwe ikining'inia kwa mpira wake wa breki, kwa sababu mpira unaweza kuumia kwa ndani bila alama ya nje. Vumbi lisafishwe kwa kitambaa chenye unyevu au kwa dawa ya kusafishia breki na lisipulizwe kwa hewa, kwa kuwa si la kuvuta puani. Grisi isiguse uso wa pedi wala wa diski. Siku itakapofika zamu ya pedi za nyuma, mweleze fundi kama gari lako lina breki ya mkono ya kielektroniki: pistoni za namna hiyo hazisukumwi kwa nguvu, lazima mfumo uwekwe kwanza katika hali ya matengenezo, na katika magari mengine ya breki ya mkono ya waya pistoni hurudishwa kwa kuzungushwa.

Kazi ikiisha, na kabla gari halijasogea hata hatua moja, pedali ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu. Pistoni zimerudishwa nyuma kabisa, na mkanyago wa kwanza utazama hadi sakafuni bila kusimamisha chochote. Hili ni jambo dogo kulitenda na ni la hatari kubwa likisahauliwa, kwa hiyo lifanye wewe mwenyewe hata kama fundi amekuambia ameshalifanya.

Pedi mpya huhitaji kuzoeshwa na diski. Tafuta barabara tulivu, ongeza mwendo hadi kilomita 60 hivi kwa saa, kisha punguza kwa mkanyago wa wastani hadi karibu kilomita 10 kwa saa bila kusimama kabisa, na rudia mara nane au kumi ukiacha breki zipumue katikati. Mtengenezaji wa pedi akiwa ametoa utaratibu wake kwenye boksi, fuata huo. Kwa kilomita 200 au 300 za mwanzo epuka kufunga breki kwa ghafla isipokuwa kwa dharura. Baada ya hapo, pima tena kila unapobadilisha matairi nafasi au kila kilomita 10,000, na andika vipimo vya pedi zote nne pamoja na kilomita za siku hiyo. Vipimo viwili tu vitatosha kukuonyesha kama ya ndani ya kulia imeanza tena kuwatangulia wenzake.

Inabaki uwezekano kwamba magurudumu yatafunguliwa na pedi zote nne zikutwe na milimita 4 au zaidi. Hapo mlio unatoka kwingine, na pa kwanza pa kutazama ni bati jembamba la kukinga vumbi lililo nyuma ya diski, ambalo huweza kupindwa likaigusa, au kijiwe kilichonaswa kati yake na diski. Tazama pia kama klipu zinazoshika pedi zimelegea au zimewekwa kinyume. Kama kote huko ni salama, gurudumu lizungushwe kwa mkono na kutikiswa, maana beringi iliyoanza kuharibika nayo hulia. Lakini sauti yako ikigeuka kutoka mlio mwembamba kuwa mkwaruzo kabla hujafika gereji, liegeshe gari hapo ulipo na umwite fundi akufuate.